CHUKUA KAMA ILIVYO: Katika Hukumu ya Kuuza Motokaa Yenye Aibu

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewahalalishia waja wake biashara na akawaharimishia dhulma, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Amma baad. Katika miji ya pwani, kuanzia Lamu hata Mtwara, na Unguja na Pemba, mtu akitaka motokaa mara nyingi hununua iliyokwisha kutumiwa na mwengine. Nyingi katika hizo zatoka Japani, kwa kuwa huko nako watu hupita upande wa kushoto wa njia, na usukani huwa mkono wa kulia. Hutumiwa huko miaka kadha wa kadha, kisha hupakiwa melini, zikashushwa Mombasa au Dar es Salaam au Unguja, zikapita dalali kwa dalali, mpaka zikamfikia mtu ambaye fedha yake ameiweka kidogo kidogo kwa jasho lake.

Na katika biashara hii kuna neno ambalo muuzaji hulisema mwisho wa maafikiano, kama mtu afungaye mlango: "Kagua mwenyewe, leta fundi wako, kisha chukua kama ilivyo." Huko Ghuba, ambako wengi katika watu wa pwani huenda kutafuta riziki, wauzaji katika minada ya motokaa husema: "Nakuuzia lundo la chuma," au husema: "Ni sukari ndani ya maji," yaani aibu zote zimekwisha yeyuka, basi asirudi mtu kuzidai. Swali lililo mbele ya kila Muislamu mwenye kuuza ni hili: je, neno hili lamtoa katika dhima mbele ya kadhi, na mbele ya Mola wake?

Na upigwe mfano, kwa majina ambayo vitabu vya fikihi vimezoea kuyapigia mifano.

Zeid ana motokaa. Ajua kwamba gasketi ya kichwa cha injini imeungua, na kwamba ikienda mwendo mrefu injini huchemka. Akatia katika rejeta dawa ya kuziba, ambayo hushika kwa siku chache, akaosha injini mpaka ikang'ara, akaitoa kuuzwa. Akaja Amri, ambaye ameuza fungu lake la minazi aliyorithi kwa babake ili apate motokaa ya kuchukulia abiria, alishe watoto wake. Amri akauliza: "Bwana Zeid, ina ila yoyote?" Zeid akajibu: "Motokaa ni hiyo mbele yako, ndugu yangu. Kagua, mwite fundi wako, kisha chukua kama ilivyo." Fundi akaja, akaisikiliza injini, akaiendesha robo saa ndani ya mji, akasema haoni ubaya. Fedha zikalipwa, mikono ikapeanwa. Siku ya nne Amri akapakia abiria kwenda bara, na katika kupanda Mazeras injini ikachemka na kuzima. Amri akarudi kwa Zeid, naye akamjibu kwa utulivu: "Sikukudanganya hata kwa neno moja. Ulikagua mwenyewe, na sharti ulilikubali."

Basi Zeid ana hoja tatu: ya kwanza, hakusema uwongo, ya pili, mnunuzi alikagua, ya tatu, palikuwa na sharti. Na kila moja yataka jawabu lake.

Ama hoja ya kwanza, kwamba hakusema uwongo, jawabu lake ni kwamba sharia haikumtaka muuzaji ukweli wa ulimi peke yake. Katika hadithi ya Hakim bin Hizam, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume s.a.w. ameeleza kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa biashara yao, na wakificha na wakasema uwongo, hufutwa baraka yake. Na atazame mwenye akili: yametajwa mambo mawili, kusema kweli na kubainisha. Lau kusema kweli kungalitosha, kusingalitajwa kubainisha. Mtu aweza kunyamaza asiseme uwongo hata herufi moja, na akawa ameficha.

Tena iko ile habari aliyoipokea Abu Huraira, iliyo katika Sahihi ya Muslim. Mtume s.a.w. alipita kwenye lundo la nafaka sokoni, akatia mkono wake ndani, vidole vikapata umaji. Akamwuliza mwenyewe kisa chake, naye akajibu kuwa ilinyeshewa na mvua. Akamwuliza mbona hakuiweka iliyolowa juu, watu wakaiona. Kisha akatangaza kwamba mwenye kughushi si katika watu wake. Katika habari hii pana mazingatio makubwa. Yule mtu hakuilowesha nafaka yake. Aliyeilowesha ni Mwenyezi Mungu kwa mvua. Wala haikupokewa kwamba alimwambia mtu kuwa nafaka ni kavu. Kosa lake lilikuwa ni mahali alipoiweka iliyolowa: chini, pasipofikiwa na jicho. Kadhalika Zeid hakuiunguza gasketi kwa makusudi. Lakini yeye ndiye aliyeiweka aibu chini na mng'aro juu.

Ama hoja ya pili, kwamba mnunuzi alikagua, jawabu lake liko katika hadithi ya mnyama aliyefungwa kiwele. Walikuwako watu wakimwacha ngamia au mbuzi siku kadha bila kumkama, ili kiwele kijae, mnunuzi akione kikubwa adhani ndiyo desturi yake. Mtume s.a.w. akakataza jambo hilo, na akampa mnunuzi khiyari ya siku tatu: akipenda amshike, na akipenda amrudishe pamoja na pishi ya tende kwa ajili ya maziwa aliyoyakama. Na mnunuzi huyu alikuwa amemwona mnyama kwa macho yake, na pengine alimshika kiwele kwa mkono wake. Kukagua kwake hakukumpotezea haki, kwa sababu kile alichokagua kilikuwa kimetengenezwa ili kimhadae. Dawa iliyotiwa katika rejeta ni kiwele kilichofungwa. Na saa ya kuhesabia kilomita iliyorudishwa nyuma, ikasoma 60,000 na hali motokaa imekwenda 180,000, nayo ni kiwele kilichofungwa. Kukagua humwondolea muuzaji dhima ya kile kilicho dhahiri, kama mpira uliokwisha au mlango uliobonyea. Hakumwondolei kile alichokizika.

Na imepokewa katika Musnad ya Imamu Ahmad kwamba mtu mmoja alinunua ngamia jike, naye ni mnono wa kupendeza machoni. Alipokuwa akiondoka naye, sahaba Wathila bin Al-Asqa r.a. akamfuata mbio, shuka yake ikiburura, akamwuliza kama amenunua kwa nyama au kwa safari. Akajibu kwamba ataka kumpanda kwenda Hija. Wathila akamwambia kwamba unyayo wa ngamia yule una tundu. Mwenye ngamia akaona kwamba biashara yake yaharibiwa, na Wathila akamjibu kwa kupokea kwa Mtume s.a.w. kwamba si halali kwa mtu kuuza kitu ila abainishe kilichomo, wala si halali kwa ajuaye kunyamaza asibainishe. Habari hii yamgusa muuzaji, na yamgusa kila mtu ajuaye: dalali aliyekwisha ambiwa habari za injini, na fundi aliyeifungua mwezi uliopita, naye leo amekaa kibarazani akitazama fedha zikihesabiwa. Na swali la Wathila lina hekima: ngamia wa nyama hadhuriki kwa tundu la unyayo, na ngamia wa safari hafai kwalo. Vivyo hivyo mwenye kununua motokaa ili aivunje auze vipuli si kama mwenye kuinunua ili apakie watu.

Ama hoja ya tatu, yaani sharti la kuchukua kama ilivyo, ndiyo hoja yenye uzito, na wanavyuoni wamehitilafiana kwayo tangu zamani. Asili yake ni kisa kilichopokewa na Imamu Malik katika Muwatta. Abdullah bin Umar r.a. alimwuza mtumwa kwa dirham 800 kwa sharti la kuepukana na aibu. Mnunuzi akarudi akidai kwamba mtumwa ana maradhi ambayo hakutajiwa. Wakapelekana kwa Khalifa Uthman r.a., naye akahukumu kwamba Ibn Umar aape kuwa alimwuza bila kujua maradhi yoyote kwake. Ibn Umar akakataa kuapa, akamrudisha mtumwa. Kisha mtumwa akapona, akauzwa kwa dirham 1,500.

Tazama jambo ambalo Uthman aliliuliza. Hakuuliza kama sharti lilitamkwa, kwani hilo halikuwa na shaka. Aliuliza kama muuzaji alijua. Kwa hukumu hiyo yafahamika kwamba sharti laweza kubeba ujinga wa muuzaji, wala haliwezi kubeba ujuzi wake.

Na Imamu Shafi, ambaye watu wa pwani wafuata madhehebu yake, ameichukua hukumu ya Uthman akaiwekea mpaka. Iliyo na nguvu katika madhehebu, kama alivyoipanga Imamu Nawawi katika Minhaj, ni kwamba sharti hilo humwepusha muuzaji na aibu ya ndani iliyo katika mnyama, ambayo hakuijua. Ama nyingineyo halimwepushi. Sababu yake ni kwamba mnyama hula na kunywa, hali yake hugeuka katika uzima na ugonjwa, na ni nadra kusalimika na aibu iliyofichikana. Kitu kisicho na roho hakina udhuru huo.

Hapo pengine Zeid atasema: "Motokaa nayo ni kama mnyama. Hunywa mafuta, huchoka, na tumbo lake halijui mtu." Na isemwe kwamba maneno haya hayakukosa maana kabisa. Iko mashine ambayo mwenyewe ameitumia kwa wema, akaiuza leo nzima, na kesho ikavunjika kwa ila ambayo hata fundi mkubwa asingaliijua. Lakini hata akipewa Zeid anachokitaka, ikahesabiwa motokaa yake kuwa ni ngamia, hatapata faida, kwa sababu hata katika ngamia msamaha ni wa aibu asiyoijua mwenyewe. Na Zeid alijua. Aliyetia dawa ya kuziba amejishuhudia kwa mkono wake kwamba tundu aliliona.

Wala isidhaniwe kwamba sharia imemwonea muuzaji. Aibu ambayo mnunuzi hurudishia kitu si kila upungufu. Mafakihi wameieleza kuwa ni kila kinachopunguza kitu chenyewe au thamani yake, hata lengo la sawa likakosekana, ikiwa kwa ada kitu cha jinsi hiyo husalimika nacho. Basi motokaa ya miaka saba yenye viti vilivyofifia na rangi iliyopauka haina aibu kwa hilo, kwani ndivyo zilivyo za umri wake. Ama iliyozama katika mafuriko ikakaushwa, au iliyogongwa chasisi yake ikapinda kisha ikaungwa kwa moto, au iliyorudishwa kilomita, zote hizo zina aibu, kwa kuwa mnunuzi wa kawaida hatazamii hayo na thamani hupungua kwayo. Na ila ya breki au ya usukani imepita mpaka wa mali, kwani mwenye kuificha ameuza pamoja na chuma roho za watu watakaopanda.

Basi Amri ana haki gani? Ana khiyari: airudishe motokaa apewe fedha zake zote, au airidhie abaki nayo. Faida aliyoipata katika siku zile nne ni yake, kwani kwa hadithi ya Bi Aisha r.a. pato la kitu humfuata mwenye kubeba hasara yake, na lau motokaa ingaliungua moto siku ya pili mwenye kuhasirika angalikuwa Amri. Lakini haki hii ni ya upesi. Akijua aibu usiku, husubiri asubuhi. Akijua naye yumo katika sala au chakula, humaliza. Zaidi ya hapo asikawie bila udhuru, wala asiendelee kupakia abiria kwa motokaa ile, kwani kuitumia baada ya kujua ni dalili ya kuridhia. Na fundi akiwa hana budi kufungua injini ili aibu ijulikane, kufungua huko hakumpotezei haki, kwani wanavyuoni wamesema hivyo juu ya mwenye kuvunja nazi akaikuta mbovu ndani.

Na ikiwa imepatikana aibu mpya mikononi mwa Amri, kama kuigonga, basi hawezi kumlazimisha Zeid kuipokea. Zeid akiridhia kuipokea kama ilivyo sasa, huipokea. Asiporidhia, Amri hupewa fidia ya aibu ya kale, nayo hupimwa hivi. Watu wenye ujuzi huithamini motokaa ikiwa nzima, waseme shilingi 1,000,000. Kisha huithamini na aibu ile, waseme 750,000. Upungufu ni robo. Basi hutazamwa bei iliyolipwa. Ikiwa ni 880,000, robo yake ni 220,000, na hiyo ndiyo haki ya Amri.

Yabaki neno ambalo kila mfanya biashara hulisema moyoni: "Nikitaja aibu, sitauza." Neno hili si jipya. Jarir bin Abdallah r.a. alikuwa akimwonesha mnunuzi aibu za bidhaa kisha akamwachia hiari. Akaambiwa kwamba akifanya hivyo haitampitia biashara, naye akajibu kwamba wao walimpa Mtume s.a.w. ahadi ya kumtakia kheri kila Muislamu.

Na mwenye kutaka ushahidi wa dunia, upo. Mwaka 1970 mwanachuoni wa uchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika juu ya soko la motokaa zilizokwisha kutumika, na baadaye, mwaka 2001, akawa mmoja wa waliopewa tuzo ya Nobel ya uchumi. Alionesha kwamba pale ambapo muuzaji ajua na mnunuzi hajui, mnunuzi kwa khofu hutoa bei ya katikati, mwenye motokaa nzuri akaona bei hiyo ni ya kumdhulumu, akaiondoa sokoni, zikabaki mbovu, bei ikazidi kushuka, na nzuri zikazidi kukimbia. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza; lakini katika soko lililojaa kuficha, kizuri nacho hushindwa kujiuza, kwa kuwa hapana aaminiye. Hii ni sura moja ya kufutwa baraka: mficha aibu mmoja humla mnunuzi wake, na humla pia kila muuzaji mwaminifu aliye jirani naye.

Wala asitosheke Muislamu na kusema kwamba sheria ya serikali haikumshika. Msingi wa kale wa sheria ya Kiingereza ni kwamba mnunuzi ajihadhari mwenyewe. Huko Marekani kanuni ya mwaka 1984 yawalazimisha wafanya biashara wa motokaa hizi wabandike dirishani karatasi isemayo kama yauzwa kwa dhamana au kama ilivyo, walakini haiwalazimishi kutaja kila aibu waijuayo. Sheria za watu huweka mpaka wa chini. Amana iko juu ya mpaka huo.

Basi muuzaji aitaje aibu kwa jina lake na aioneshe mahali pake, wala asijifiche katika neno la jumla. Aliyeghushiwa naye asifanye dhulma aliyotendewa kuwa ruhusa ya kumtendea mwengine. Haki yake iko kwa aliyemwuzia, haiko kwa atakayenunua. Na mnunuzi naye amche Mungu: asizue aibu kwa kuwa amejuta au ameona ya rahisi zaidi, wala asikane kwamba aliambiwa. Na bora washike mlango ambao sharia imeufungua, nao ni kushurutiana khiyari ya siku tatu, kwa maandishi na mashahidi. Siku tatu zatosha kuipandisha motokaa mlimani na kuirudisha. Muuzaji anayeijua motokaa yake kuwa nzima hatazikhofu siku hizo.

Ama aliyekwisha kuuza akaficha, ajue kwamba toba ya haki ya mtu haitimii kwa kusema astaghfirullah. Ni juu yake amwendee mnunuzi, amwambie alichomficha, ampe khiyari ya kurudisha au amridhishe kwa fidia. Na asiseme kwamba imepita miaka, au kwamba mnunuzi hakudai. Mnunuzi hakudai kwa kuwa hajui, na kutojua kwake ndiyo dhulma yenyewe. Wengi wangali wanazo namba za simu za watu waliowauzia. Aliye na namba hiyo mkononi hana udhuru. Na ni afadhali mtu aone haya saa moja mbele ya ndugu yake, kuliko kusimamishwa Siku ya Kiyama, siku ambayo hapana rejeta ya kutiwa dawa, na kila kilichowekwa chini kitakuwa juu.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu kuwa wakweli katika kauli zao na wenye kubainisha katika biashara zao, na awaruzuku halali iliyo na baraka. Amin.

Wallahu a'lam.